Nyasi Tulizozishusha Masakta

Nimestaafu mwezi uliopita. Waliniaga kwa keki, kitenge, na hotuba zilizonisifu mpaka nikageuka kutazama nyuma kama kuna mstaafu mwingine ameingia. Baada ya chakula, vijana wa kitengo cha malisho wakaniomba niwaandikie kidogo juu ya zamani, hasa miaka ile ya mashamba ya ngano ya serikali, ambayo wao wanaisikia tu. Nimekubali. Vyeo sitaviandika, kwa sababu vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitaandika juu ya nyasi.

Nilifika Mbulu nikitokea Handeni, nimemaliza chuo cha mifugo, nina sanduku la bati na viatu vya wazi. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba nyanda za juu zina baridi. Mwalimu alilisema hilo kwa Kiingereza, kwa hiyo sikuliogopa. Asubuhi ya kwanza niliamka nimevaa nguo zote nilizokuwa nazo, na bado nikatamani lile sanduku nalo lingekuwa la kuvaa.

Mkuu wangu aliitwa Bwana Mhina, Msambaa wa Lushoto, mtafiti wa nyasi aliyesomea ng'ambo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa koti la mvua hata kiangazi kwa sababu lilikuwa na mifuko mingi. Nilimkuta nyuma ya ofisi akipiga magoti, akitazama ardhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Zaina? Umekuja na mkasi?"

Sikuwa na mkasi. Akanipa wa kwake, ule mkubwa wa kunyolea kondoo, na hapohapo tukaanza kazi. Chai nilikunywa mchana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, na kwa sehemu kubwa bado iko hivyo, hata kama ninyi mna vifaa vya betri. Unaweka fremu ya chuma juu ya malisho. Unakata kila kilichomo ndani yake mpaka usawa wa udongo, hata kile ambacho hukipendi. Unatia kwenye mfuko wa karatasi na kuandika jina la mahali kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, maana umande wa Mbulu unasoma wino kabla yako. Kisha unakausha, ndipo unapima. Nyasi mbichi usiipime. Bwana Mhina alikuwa akisema nyasi mbichi ni maji yaliyosimama wima, na serikali haikutuajiri kupima maji. Jiko letu la kukaushia lilitumia mafuta ya taa na lilikuwa na tabia ya kuzimika Jumapili, siku ambayo mtu wa kuliwasha alikuwa kanisani.

Eneo letu kubwa la kupimia lilikuwa Maretadu, kwenye kilima juu ya nyumba ya Mama Paulina. Huyu alikuwa mjane wa makamo, mkulima wa mahindi na maharage, mwenye ng'ombe wachache aliowafahamu kwa tabia zao kama watu wanavyofahamu wakwe. Aliniangalia siku nzima nikikata, nikitia mifukoni, nikiandika. Jioni akaniletea maziwa ya mgando.

"Mwanangu," akasema, "ofisi inakulipa mshahara kwa kukata majani?"

"Ndiyo, mama."

"Ng'ombe wangu wanakata bure. Tena hawaandiki."

Kwa kweli ng'ombe wake mmoja aliwahi kula sampuli zetu, mifuko na yote. Bwana Mhina alimtazama yule ng'ombe, kisha akaniambia niandike kwamba sampuli za eneo lile hazipo. Nikamuuliza niandike na sababu? Akasema, "Andika. Hiyo ndiyo sababu ya kweli kuliko zote zilizowahi kuandikwa katika ofisi hii."

Mama Paulina ndiye aliyetuletea swali lililotuchukua miaka iliyofuata. Tulikuwa tumekaa kwake tunasubiri mvua ipite. Akasema zamani, alipokuwa msichana, katika miezi ya baridi kilima kile kilikuwa kinaamka cheupe kwa sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, kama mtu amemwaga unga. Nyasi ziliungua, zikawa nyekundu, na zikakaa hivyo mpaka mvua za mwaka mwingine. Siku hizi, alisema, sakitu inakuja kama mgeni anayepita njia tu. Asubuhi chache, kisha haipo.

"Sasa wewe uliyesoma nyasi," akamwambia Bwana Mhina, "baridi ikiondoka, malisho yataongezeka au yatapungua? Maana mimi nina kaka yangu Masakta, na ng'ombe wake hawana pa kula."

Bwana Mhina akasema hajui. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayetaja jina lake. Lakini tuliporudi ofisini akaniambia kuna wataalamu huko ng'ambo wanaosema dunia nzima huenda inapata joto. Maneno 'mabadiliko ya tabianchi' yalikuwa hayajafika Mbulu. Sakitu yenyewe ndiyo ilikuwa imeanza kuondoka.

Sasa, utalipimaje joto ambalo halijaja? Kilima huwezi kukipasha moto. Bwana Mhina akaamua kwamba kama joto haliji juu kwenye nyasi, basi nyasi zitashuka chini kwenye joto. Tungechimba mapande ya malisho ya Maretadu, kila pande ukubwa wa sinia la pilau, pamoja na udongo na mizizi yake, tukayapande Masakta, wilaya ya Hanang, ambako ni chini zaidi na jua ni kali zaidi. Na mapande mengine tungeyachimba na kuyarudisha palepale kilimani, ili tujue kama kuchimbwa peke yake kunaudhi nyasi.

Hilo la pili ndilo lililoniharibia jina Maretadu. Watu walituona tukichimba pande, tukilinyanyua kwa heshima, kisha tukilirudisha kwenye shimo lilelile na kulimwagilia. Mzee mmoja aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Tluway, alisimama na fimbo yake akatazama mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kuna kitu tulikuwa tumepoteza.

Tuliyapakia mapande ya kwenda Masakta kwenye lori la kuazima, tukayafunika magunia yaliyolowa. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akapanda nyuma, akafunua.

"Hii ni nini?"

"Nyasi," akasema Bwana Mhina.

"Za nini?"

"Za kupanda."

"Wapi?"

"Masakta."

Askari akafikiri. "Masakta hakuna nyasi?"

"Zipo."

Akashuka, akafungua kizuizi, akamwambia dereva aendeshe polepole. Nadhani alituonea huruma.

Masakta tulipewa kona ya ardhi pembeni mwa shamba la ngano. Meneja wa shamba alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi, anayezungumza huku akitazama matrekta yake. Alitupa kona ambayo mashine zake hazikuweza kugeuzia, na alitupa bila maswali. Aliyetusaidia kuizungushia miiba na kuitunza alikuwa Bura, huyo kaka yake Mama Paulina. Nyumba yake ilikuwa mwisho kabisa wa ngano. Malisho yake ya zamani yalikuwa katikati ya ngano.

Nilimuuliza siku ya kwanza kama ameizoea ile hali. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Zamani nilikuwa natazama mbali naona ng'ombe wangu," akasema. "Sasa natazama mbali, naona mbali."

Mwaka wa kwanza mvua zilinyesha vizuri. Nyasi za kilimani, zilizozoea kulala na baridi, zilipoonja joto la Masakta ziliota kama zimesikia habari njema. Zilipita yale mapande tuliyoyarudisha Maretadu kwa kimo, na tulipokausha na kupima, zilipita kwa uzito pia, tena kwa mbali. Bwana Mhina alipima mara ya pili kwa mkono wake. Kisha akacheka, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya ofisini.

Wiki ileile tukapanda kwenda Maretadu. Ilikuwa baada ya ibada, watu wamesimama nje ya kanisa wakisalimiana. Mama Paulina akamfuata mbele ya wote.

"Bwana Mhina, lile swali langu?"

"Mama, nimepata jibu," akasema. "Joto likiongezeka na sakitu ikipungua, nyasi za kilimani zitaongezeka. Tumepima."

"Kwa hiyo kaka yangu alete ng'ombe wake huku?"

Nakumbuka alisita kidogo. Si sana. "Kilima kitawabeba," akasema.

Mambo ya namna hiyo Maretadu hayahitaji tangazo. Bura alipandisha ng'ombe wake kwa dada yake, na wengine wa Masakta waliokuwa na ndugu pale wakapandisha wa kwao. Walikuja kwa miguu, wakiwa na vumbi la Hanang mgongoni, wakaingia kwenye malisho ya kilimani wakala kama wamefika mbinguni. Mama Paulina aliwapokea mmoja mmoja kwa jina. Watu wakatushukuru. Mimi mwenyewe nilishukuriwa, nikapewa jogoo.

Mwaka wa pili mvua zilichelewa. Zilipofika zilinyesha kama mtu anayetimiza wajibu, kisha zikaondoka.

Tulishuka Masakta na fremu yetu. Bura alitufungulia miiba. Yale mapande yaliyotupa furaha mwaka uliopita yalikuwa na upara. Mengine yalikuwa yamekufa kabisa, udongo wake umepasuka kama kisigino. Palipokuwa na uhai, iliyoishi ni aina moja ya nyasi, ngumu, nyembamba kama waya, ambayo kilimani huwa haionekani sana. Na lile jani dogo la klova ya porini, lenye vijani vitatu, ndugu yake maharage, ambalo ng'ombe wa Maretadu hulitafuta kwa ulimi kama mtoto anavyotafuta nyama kwenye mchuzi, halikuwepo hata moja.

Bura akaenda nyumbani akamleta ng'ombe aliyekuwa amebakiza kwa ajili ya maziwa. Ng'ombe akanusa zile nyasi za waya, akainua kichwa, akatazama ngano.

Bwana Mhina alikaa chini na koti lake. Nilimwachia nafasi, nikaendelea kukata kile kilichokuwapo. Hakikujaza mfuko.

"Zaina," akasema baadaye, "joto limeyanywa maji. Mwaka jana maji yalikuwapo ya kutosha, kwa hiyo sikuona. Mizizi ya nyasi hizi ni mifupi, imezoea udongo wenye ubaridi na unyevu. Ukiipa joto na mvua, inakimbia. Ukiipa joto bila mvua, haina pa kwenda."

"Na ya kilimani, tuliyoyarudisha?"

"Twende tukaone."

Kilimani mapande yetu yalikuwa hai. Mafupi, yamechoka, lakini hai, na klova ilikuwapo. Ila pembeni yake, nje ya uzio, malisho yenyewe yalikuwa yameliwa mpaka mizizi, na ng'ombe wa Masakta walikuwa wamesimama pale na wa Maretadu, wote wakitazama ndani ya uzio wetu.

Hapo ningependa niwaeleze ninyi vijana jambo moja, kwa sababu wengi wenu mmesoma kuliko mimi. Bwana Mhina angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni ukame, na ingekuwa kweli. Hakuna mtu Maretadu angemkumbusha maneno aliyosema nje ya kanisa, maana watu wale wana adabu. Usiku ule hakula. Asubuhi akaniambia nimwombe Mzee Tluway aitishe mkutano.

Watu wakaja, wakakaa kwenye nyasi, au tuseme mahali zilipokuwa. Bura alikuwa amepanda kutoka Masakta. Bwana Mhina alisimama na kusema bila kuzunguka.

"Ndugu zangu, mwaka jana niliwaambia joto likiongezeka malisho yataongezeka. Nilipima mwaka mmoja wa mvua nzuri nikafungua mdomo. Nilikosea. Mvua ikiwa nzuri, nyasi zitaongezeka. Mvua ikipungua, joto litazimaliza haraka kuliko baridi ilivyokuwa inafanya, na zitakazobaki si zile ng'ombe wanazozitaka. Kilima hiki hakiwezi kuwabeba ng'ombe wote hawa. Nimekuja kuwaambia kwa mdomo uleule."

Mzee Tluway akasafisha koo.

"Nimekuwa mwenyekiti muda mrefu," akasema. "Wataalamu wengi wamekuja hapa kutuambia mambo. Wewe ni wa kwanza kurudi."

Sijui mpaka leo kama ilikuwa sifa. Hakuna aliyecheka.

Kisha Mama Paulina akasimama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinitisha zaidi.

"Kukosea ni sawa," akasema. "Lakini ng'ombe wa kaka yangu siwarudishi. Kule kuna ngano. Nikiwarudisha, wanakufa na mimi nimewafukuza. Nikiwaacha, wanakufa na wangu. Wewe umesema kilima kitawabeba. Kilima kimekataa. Sasa wewe ubebe."

"Mama, mimi nitabebaje?"

"Mimi sikusoma nyasi. Tafuta majani."

Akakaa. Bura alikuwa akitazama miguu yake.

Tukashuka tena Hanang, mimi na Bwana Mhina, na njiani hatukuwa na mpango wowote. Wakati ule kombaini zilikuwa zinamaliza mavuno. Hata mwaka ule mbaya ngano ilikuwa imepatikana kiasi. Tulipokuwa tunapita, Bwana Mhina akamwambia dereva asimame. Mbele yetu mabua ya ngano yalikuwa yamelala mistari kwa mistari mpaka macho yanapokoma, na upande wa pili watu walikuwa wanayachoma moto, kama ilivyokuwa kawaida baada ya mavuno, ili kusafisha ardhi.

"Zaina, lile jiko letu la kukaushia," akasema, "linawaka?"

"Leo si Jumapili."

Tukachukua mabua, tukayapeleka Mbulu kuyakausha na kuyapima, kisha tukarudi tukampa ng'ombe wa Bura. Si chakula kizuri. Ni kama kula mkeka. Lakini ukiyakatakata, ukayanyunyizia maji ya chumvi na kuchanganya na maganda ya maharage, ng'ombe anakula na anaishi. Yule ng'ombe aliyekataa nyasi zetu akala mkeka.

Meneja wa shamba tulimkuta anatazama trekta lililofunguliwa injini. Bwana Mhina akamweleza mambo yote, kuanzia sakitu. Nilidhani atatufukuza. Meneja akasikiliza bila kuondoa macho kwenye injini.

"Mnataka takataka zangu?" akauliza.

"Kabla hujazichoma."

"Mna mashine ya kufungia marobota?"

"Hatuna."

"Ninayo moja, imeharibika. Mkiitengeneza, mtumie." Kisha, baada ya kufikiri: "Na malori yangu yanayokwenda juu kufuata mbao yanapanda matupu."

Fundi wa shamba na Bura waliitengeneza ile mashine kwa waya, mpira wa tairi na maneno ambayo sitayaandika. Marobota yakapanda Maretadu, na kijiji jirani cha Masieda, kiangazi chote. Wanawake wa Maretadu wakakatakata mabua kwa mapanga, wakatoa maganda ya maharage waliyokuwa wameweka, na Mzee Tluway akatangaza kwamba upande wa juu wa kilima umefungwa na hauingii ng'ombe wa mtu yeyote, hata wake. Ng'ombe wake ndiye alikuwa wa kwanza kukamatwa humo. Alijitoza faini mwenyewe mbele ya watu.

Ng'ombe wengine walikufa. Siwezi kuwaambia kwamba hawakufa. Mama Paulina alipoteza yule mla sampuli, na nilimkuta amesimama karibu naye, akanieleza alivyokuwa mkaidi tangu ndama. Lakini wengi walivuka. Mvua zilipokuja, Bura aliwateremsha wa kwake, wamekonda mbavu zikihesabika, wakaenda kutafutiwa nafasi kwa ndugu wengine upande wa chini, wachache hapa, wachache pale, kama watu wa kule wanavyofanya. Alinipa mkono wa kuaga. Akasema, "Wamekula lile shamba hatimaye."

Tuliendelea kupima mapande yale kwa miaka kadhaa, ya juu na ya chini, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame, na jibu halikuwahi tena kuwa neno moja. Bwana Mhina hakulisema tena kama neno moja. Akiulizwa kama joto linaongeza nyasi, alikuwa akimuuliza aliyemuuliza: mvua zako zikoje, udongo wako una kina gani, na ng'ombe wako anakula nini hasa? Watu wengine walichoka wakaondoka. Nanyi mnaotufuata, mkiona mtu amechoka na maswali hayo, mwacheni aende, lakini msimpe jibu fupi ili abaki.

Alipohamishwa, Maretadu walimfanyia sherehe. Walichinja mbuzi. Mzee Tluway akatoa hotuba: "Huyu alituambia nyasi zitaongezeka. Akarudi akatuambia hapana. Tunamshukuru kwa mara zote mbili, ila ya pili tunamshukuru zaidi." Mama Paulina akamvisha shuka mpya juu ya lile koti, akamwambia huko aendako asifungue mdomo kabla ya mwaka wa pili. Bwana Mhina akaitika, "Sawa, mama," kama mwanafunzi. Kisha akapanda gari, na hakugeuka, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka tuone.

Juma lililofuata nilipanda kilimani peke yangu na fremu. Ulikuwa ndio mwezi wa sakitu. Nilitoka alfajiri ili niikute kabla ya jua, nikapita nyumbani kwa Mama Paulina, nikapanda mpaka juu kabisa. Haikuwepo. Nyasi zilikuwa mbichi na ndefu kuliko nilivyowahi kuziona katika mwezi ule, zimejaa umande, zinameta. Mtu mwingine angesema ni malisho mazuri. Nikapiga magoti, nikaweka fremu, nikakata mpaka usawa wa udongo. Mfuko ulijaa. Nikaandika jina la mahali kwa penseli, nikasimama pale nimeushika, mzito, na sikufurahi hata kidogo.